Siku Mtani Wangu Aliponiamkia Shikamoo

Mlango haukufunguka!

Niliusukuma kwa bega. Nikalala chali, nikausukuma kwa miguu yote miwili. Wapi!

Komeo lilikuwa limefungwa kwa nje...

Mwanangu Justus alikuwa kifuani kwangu, mlegevu kama nguo iliyolowa. Nilimwita. Kimya. Nikamfinya paja, nikamfinya hasa, kama mama mwenye hasira zake.

Hakulia.

Jamani, mtoto wangu yule alikuwa analia hata akiona uji umechelewa. Afinywe vile na asilie?

Kichwa kilikuwa kinanipasuka. Miguu ilishakuwa ya mtu mwingine. Na chini ya sakafu nilisikia jenereta, ile niliyoichagua mimi mwenyewe, inanguruma taratibu.

Chini ya sakafu! Asubuhi niliiacha kule mbali kwenye kichuguu!

Halafu nje, katikati ya mvua, nikasikia sauti ya dereva wetu, Shaban.

"We mpagazi! Leo utafia humo humo na mzigo wako kichwani!"

Nikasema moyoni: ndiye huyu. Huyu ndiye aliyenifungia ili nife na mwanangu.

Sasa tulieni. Wale wa kuandika "pole mama" kabla hawajamaliza kusoma, wekeni simu chini kwanza. Haya mambo yana mwanzo.

Juzi mwanangu mmoja kanipigia. Kanunua gari la kulala ndani, lina vitanda, jiko, na friji. Anataka kumpeleka mkewe wakapige kambi porini, Ugalla huko, wapumzike na kelele za mjini.

"Mama, wewe ndiye unayejua. Nichukue jenereta kubwa au ndogo?"

Nikamwambia angoje, nitamwandikia.

Jibu langu ndilo hili.

Ulikuwa mwaka sabini na nne. Watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa kwa malori, na vitanda vyao, na kuku wao, wanashushwa porini wanaambiwa hapa ndipo kwenu. Mimi nilikuwa na stashahada yangu mpya kabisa, Bibi Maendeleo mkoani Tabora. Jina langu Apolinaria, ila wote waliniita Mama Justus. Mume wangu alikuwa relini Kigoma, kwa hiyo mtoto nilikwenda naye kazini. Ungempeleka wapi?

Kazi yetu ilikuwa kufuata hivyo vijiji vipya. Lori letu la petroli lilijengewa nyumba ya mbao mgongoni: vitanda viwili, meza, jiko la mafuta ya taa, friji la chanjo, na projekta ya kuonyesha picha za usafi. Mlango ulikuwa na komeo la nje, usifunguke njiani, na pembeni palikuwa na turubai la kuteremsha. Watu wakiliona walikuwa wanasema, "Nyumba imeota magurudumu!"

Tulikuwa watatu. Mimi, Shaban dereva, na muuguzi Mwanajuma.

Shaban na Mwanajuma wote Wazaramo. Mimi Mnyamwezi wa Usoke.

Hapo watoto wa siku hizi hamnielewi. Utani mnaoujua nyie ni wa Simba na Yanga. Wetu sisi ulitoka njiani. Wazee walitusimulia kwamba enzi za misafara babu zetu walibeba mizigo ya pembe za ndovu kutoka huku kwetu mpaka pwani kwa miguu. Ukifika Uzaramo umechoka, unamtaka mtu wa kukupa maji, na ukifa umpate wa kukuzika. Huyo ndiye mtani. Anakutukana, anakunyang'anya kitu chako mbele ya watu, na wewe ukinuna, umeaibika. Akifiwa, unakwenda. Ukifiwa, anakuja.

Kwa hiyo ndani ya lori lile yalikuwa matusi asubuhi mpaka jioni. Sisi wala viazi vitamu vya kukausha, matobolwa na michembe; wao wala nazi.

"Mla matobolwa, umeamka?"

"Nimeamka, mla nazi! Wewe umerudi ngomani saa ngapi?"

"Babu yako alibeba pembe za babu yangu!"

"Babu yangu alibeba pembe. Wako alibebwa yeye, alikuwa mvivu hata wa kutembea!"

Siku moja Shaban alinyakua sufuria yangu ya ugali uliokwisha kupoa, akaikalia mfuniko, akakataa kuinuka mpaka nimpe kuku. Nikampa kuku. Ndiyo sheria.

Mwanajuma alikuwa hodari kuliko Shaban. Ulimi wembe! Tulikuwa rika moja. Nilimpenda, nisiwadanganye.

Sasa jenereta.

Zililetwa mbili kwa treni, tukaitwa uwanja wa ghala karibu na stesheni ya Tabora. Bwana mkubwa wetu, Ndugu Silasi, akasema, "Chagueni moja. Mama Justus ndiye kiongozi wa msafara, aseme yeye."

Kumbe hapo ndipo kidonda kilipokuwa. Mwanajuma alitegemea kiongozi awe yeye. Alinitangulia kazini.

Jenereta ya kwanza ilikuwa ya dizeli, kubwa, ina magurudumu yake ya kuvutwa nyuma ya gari. Ilipowashwa, njiwa wote wa ghala waliruka. Ya pili ilikuwa ndogo, ya petroli, ina mishikio miwili, watu wawili wanainua.

Mwanajuma akaishika ile kubwa kama anashika ng'ombe wa mahari.

"Hii! Tukifika kijijini, hata viziwi watajua tumefika!"

"Mimi nachukua ndogo," nikasema.

"Hicho kitoto? Kitawasha nini, kiberiti?"

Watu wakacheka. Wapakizi walikuwepo, makarani walikuwepo.

"Mla michembe anaogopa hata mashine!"

"Na mla nazi anatafuta kelele apate kukata kiuno!" nikamjibu.

Hapo ndipo watu walipocheka kweli kweli. Hata Ndugu Silasi alishika tumbo. Mwanajuma alicheka nao, lakini macho hayakucheka. Nililiona jambo hilo, nikalipita.

Sikuwa nachagua kwa maneno. Nilimwambia karani alete friji letu pale uwanjani. Friji linapoanza hula umeme kama mgeni aliyetoka safari na njaa, likishatulia linakula kidogo tu. Nikaunganisha. Ndogo ikakohoa... ikakohoa tena... ikashika. Nikaongeza taa. Ikashika. Mwisho projekta. Ikashika. Nikazima vyote, nikaanza na projekta halafu friji. Ikazimika.

"Mmeona?" nikasema. "Friji kwanza, vingine baadaye. Tukifuata hivyo inatutosha. Kwa nini tuvute mzigo tusiouhitaji?"

"Na ile kubwa ina kasoro gani?" Silasi akauliza.

"Inakunywa dizeli, lori linakunywa petroli. Porini tutabeba mapipa mawili tofauti, siku mtu akikosea pipa tumekwisha. Magurudumu yake ni membamba, mbuga ikilowa yanazama. Na zile kelele! Mimi nalala na mtoto mle. Nataka mtu akibisha hodi nimsikie."

Silasi akafikiri.

"Haya, kitoto kiende. Lakini chanjo zikiharibika porini, Mama Justus, wewe unarudi Tabora na msafara anaushika Mwanajuma. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Kasoro ya ile ndogo ilikuwa moja tu. Bomba lake la moshi halikuwa na kinga. Ikiwaka kidogo tu, bomba linaunguza kama pasi. Nikaweka sheria mbili. Ya kwanza, jenereta ikae mbali na nyumba yetu, waya mrefu tunao, kwa sababu ndani ya moshi wa injini mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Chuoni tulifundishwa: inakulaza, huamki. Ya pili, asiiguse mtu ikiwa na moto bila gunia lililoloweshwa maji.

Wote wawili waliitika. Mwanajuma aliuliza hata maswali.

"Kwa hiyo mtu anasinzia tu? Hasikii kitu?"

"Hasikii kitu."

Jioni ile ile, napanga vitu kwenye lori, akaja. Akapiga goti.

"Shikamoo, dada."

Mwanajuma! Rika langu! Mtani wangu!

Nami nikaitika, "Marahaba." Tena nikaitika kwa kuivuta, maana ilinoga. Nikasema moyoni, hatimaye wamejua mimi ni nani.

Shaban alikuwa chini ya lori anakaza nati. Akatoa kichwa.

"Mnyamwezi. Yule amekuamkia?"

"Ndiyo. Ana adabu, si kama wewe."

"Mtani hana adabu. Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu! Wivu tu unakusumbua, nyani wewe."

Hakucheka. "Mimi ningekuwa wewe," akasema, "ningelala jicho moja."

Nikampiga na kitambaa cha vyombo, yakaishia hapo.

Tukaondoka. Njia inafuata reli mpaka Usoke, pale nikamsalimu mama yangu, halafu tukaingia msituni, miombo mitupu, na mashamba ya tumbaku huku na huku. Kijiji chetu cha kwanza kilikuwa kipya kiasi kwamba nyumba nyingine bado ni fito tu. Surua ilishaua watoto wawili. Mwenyekiti, Mzee Masele, alitupokea kwa mikono miwili.

Jenereta ikafanya kazi kama saa. Friji baridi. Akina mama wamepanga foleni na watoto migongoni.

Na Mwanajuma sasa alikuwa sukari. "Dada, chai." "Dada, umepumzika?" "Dada, nikufulie?" Tusi hata moja hakuna. Nikimtupia la kwangu, anatabasamu, anasema, "Nakuheshimu, dada."

Ninyi mngefanyaje? Mimi nilinenepa!

Halafu homa ikanishika. Mchana kweupe, mawingu yamejaa, natetemeka kama mashine ya kukoboa. Nikameza klorokwini.

"Kalale, dada," Mwanajuma akasema. "Foleni nitaishika mimi."

"Justus yuko wapi?"

"Kwa akina mama. Nitakuletea, naona anasinzia."

Akaniletea mwenyewe. Akamlaza ubavuni pangu kwa mikono yake. Akatufunika blanketi. Akafunga madirisha.

"Mvua inakuja, dada. Lala salama."

Mlango ukafungwa. Dawa na homa vikanichukua.

Nilipoamka ndipo pale nilipoanzia. Kichwa kinapasuka, mtoto halii, komeo limefungwa.

Chini ya mlango palikuwa na ufa, upepo wa mvua unapenya. Nilijiburuta. Nikamlaza Justus, pua yake nikaiweka kwenye ule ufa. Shaban alikuwa nje anatukana. Nilifungua mdomo nipige kelele.

Sauti haikutoka.

Akatukana tena. Nikasikia kwa mbali. Nikajua huyu ananicheka. Anatucheka tunavyokufa...

Giza.

Haya yanayofuata nilisimuliwa.

Shaban alikuwa amejikinga mvua kwenye banda la tumbaku. Akakimbia kwenda garini kufuata koti. Alipopita nyumba yetu, kama kawaida yake, akanirushia tusi. Lile la mpagazi. Akasimama kungoja jibu.

Kimya.

"Babu yako alidondosha pembe mtoni Malagarasi, akamsingizia kiboko!"

Kimya.

Akasema lile baya. La mama yangu. Siliandiki hapa, kuna watoto. Lile halikuwahi kupita bila mimi kutoka na mwiko.

Mvua tu.

Alisema baadaye, "Mnyamwezi akitukaniwa mama yake na Mzaramo asijibu, huyo si mzima."

Akaukimbilia mlango. Akaona komeo limefungwa, na ndani ya tundu la komeo imechomekwa spana. Spana yake mwenyewe, ya sanduku lake!

Akaing'oa. Akafungua. Tukamwangukia miguuni, mimi na mtoto.

Akapiga ukelele. Kijiji kizima kikaja mbio kwenye mvua. Na walipofika waliona nini? Dereva ameshika spana. Mama na mtoto wamelala kwenye tope. Turubai la lori limeteremshwa pande zote mpaka chini, na ndani yake, chini kabisa ya sakafu ya mbao, jenereta inawaka, moshi umejaa humo na unapenya kwenye nyufa za mbao.

Aliyelia kuliko wote alikuwa Mwanajuma.

"Dada yangu mie! Nilisema mimi! Huyu mwanamume kila siku anamwambia atamuua! Leo si mmemsikia wenyewe?"

Walimsikia kweli. Akina mama waliokuwa kwenye foleni walimsikia.

"Utafia humo," mmoja akasema. "Nimesikia kwa masikio yangu."

"Ni utani!" Shaban akapiga kelele. "Mzee Masele, wewe ni Mnyamwezi, unajua!"

"Utani naujua," Mzee Masele akasema. "Utani wa spana siujui. Mfungeni!"

Mgambo wakamfunga kamba mikono kwa mbele, wakamkalisha kwenye tope.

Mimi nilizinduka natapika. Mvua inanipiga usoni. Neno la kwanza nililosema, "Mtoto!"

Nikasikia analia.

Analia kwa hasira, kama uji umechelewa! Kilio kile, ndugu zangu, sijasikia tena kitu kitamu kama kile maishani.

Nikageuka nikamwona Shaban amefungwa. Na mimi nikaamini, kwa nini nisiamini? Nilikuwa natafuta nguvu za kumtemea mate.

Akaniangalia. Mwanamume mzima machozi yanamtoka.

"We mla matobolwa!" akasema. "Kwa nini hukunijibu? Nimekutukana mara tatu! Kwa nini hukunijibu?"

Maneno hayo yaliniingia kama maji baridi.

Hukunijibu. Mtu aliyekufungia ufe hangojei umjibu.

Akili ikaanza kurudi, pole pole. Nikaangalia nilikoiacha jenereta asubuhi. Gunia lilikuwa bado limetundikwa kwenye kijiti chake chini ya kibati cha mvua. Kavu! Aliyehamisha jenereta hakulichukua. Aliiburuta ikiwa moto, peke yake, haraka, watu wakikimbilia kujikinga mvua.

Nikaangalia mikono ya Shaban kwenye kamba. Michafu, grisi tupu. Lengelenge hata moja hakuna.

"Pole, dada," Mwanajuma akasema. Alinishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuzungushia kanga, kutoka begani mpaka vidoleni. Mchana huo wote alikuwa akidunga watoto mikono wazi.

Nikasimama. Mama mmoja alinishika kiuno nisianguke.

"Mtani wangu!" nikasema kwa sauti.

Akashtuka. Siku nyingi hatukuwa tumeitana hivyo.

"Nimerudi kutoka kaburini, mtani. Sina nguo kavu. Nipe kanga!"

Watu wakaguna, wengine wakatabasamu. Mzee Masele naye akatabasamu. Mtani akitaka kitu chako mbele ya watu, unampa huku mnatukanana. Hakuna aliyeona ajabu, isipokuwa yeye.

"Dada... mimi nakuheshimu. Usi..."

"Mtani haheshimiwi. Nipe!"

"Niache!"

Na yule mwanamke akarudi nyuma. Mzaramo anamkatalia Mnyamwezi kanga! Mbele ya kijiji! Nilimwona Mzee Masele anakunja uso.

Nikaishika ncha nikavuta kwa nguvu zote za homa yangu.

Kanga ikaanguka kwenye tope.

Kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, ngozi ilikuwa imevimba, nyekundu, malengelenge yamejipanga mstari mmoja ulionyooka.

"Umeungua na nini, Nesi?" Mzee Masele akauliza.

"Chai... chai ilinimwagikia."

"Chai inachora bomba?"

Hakuna aliyecheka.

"Niliisogeza isilowe!" akasema haraka. "Mvua! Mvua ilikuwa inakuja, nikaiweka chini ya gari, nikashusha turubai. Nimefanya kosa gani?"

"Na spana kwenye komeo?" Mzee akauliza.

Akainama kuiokota kanga.

"Na maswali uliyoniuliza Tabora," nikasema, "kama mtu anasikia kitu au hasikii?"

Hapo uso wake ukabadilika. Adabu yote ikamtoka kama vazi la kuazima.

"Kitoto cha jenereta!" akapiga kelele. "Ulinifanya nichekwe mbele ya Silasi! Mbele ya wapakizi! Msafara ulikuwa wangu! Miaka nachoma watoto sindano porini, halafu unakuja wewe na cheti chako, unapewa gari, unapewa kitanda, unachagua na jenereta! Nani alikuita?"

Nilimwacha amalize. Halafu nikamuuliza swali moja tu.

"Na mtoto? Ulimleta kwa mikono yako."

Mpaka leo sijajibiwa.

Walimfungua Shaban. Alimsogelea Mwanajuma, wote tukadhani atampiga. Alisema tu:

"Sisi tunawanyang'anya hawa kuku. Tunawanyang'anya nguo. Hata maiti yao tunaizuia mlangoni mpaka watupe kitu. Lakini mtoto? Mtoto wa mtani ni wetu. Umetutia aibu mpaka pwani."

Mgambo wakampeleka Usoke, polisi wakampandisha treni. Mahakama ikampa kifungo. Miaka mingapi haiwahusu.

Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye friji. Nikaweka mkono ndani. Baridi! Kesho yake nilikaa kwenye kigoda, kichwa bado kinagonga. Tabibu wa zahanati ya jirani alikuja kutusaidia, tukamaliza foleni.

Ndugu Silasi alikuja kutoka Tabora, akazunguka lori mara kadhaa.

"Mama Justus," akasema mwishowe, "pengine ungechukua ile kubwa tu, yasingetokea haya. Ile asingeweza kuiburuta."

"Angeishushia turubai pale pale nyuma ya lori," nikasema. "Na ile kubwa ingekuwa inanguruma, Shaban asingejua kama nimenyamaza. Tungekuwa tumezikwa."

Hakurudia tena.

Miaka ikapita mingi. Siku moja nikaletewa habari nyumbani kwangu Kitete, Tabora mjini: Mwanajuma amefariki, yuko hapa hapa mjini, watani wanahitajika msibani. Wanangu wakaniambia, "Mama, usiende."

Nilikwenda. Mtani anakwenda.

Nyie mnajua kazi ya mtani msibani: kumtukana marehemu, kumwiga alivyotembea, kulala mlangoni jeneza lisipite, mpaka waliao wacheke. Ndivyo anavyomsindikiza kwa upendo. Wote wakanigeukia. Wakangoja.

Nikasimama. Nikatengeneza kanga yangu vizuri.

"Marehemu alikuwa mtu wa adabu," nikasema. "Mungu amweke mahali pema. Poleni sana."

Nikakaa.

Wale vijana hawakuelewa. Lakini kulikuwa na bibi mmoja wa Kizaramo pembeni yangu, akavuta pumzi.

"Mh!" akanong'ona. "Huyu hajasamehe."

Sijasamehe.

Sasa wewe Justus, uliyeniuliza habari za jenereta, ndiyo, wewe, mwenye gari la kulala na mke mpya na kipara chako. Nilikufinya paja siku ile na alama unayo, ulidhani ni ya kuzaliwa.

Chukua ndogo. Jumlisha umeme wa vitu utakavyowasha kwa pamoja, acha nafasi ya friji kuanza, basi. Ijaribu nyumbani kabla hujaenda, si porini. Mafuta yake yafanane na ya gari lako kama inawezekana. Sauti yake iwe ndogo, mke wako akiita umsikie. Iweke mbali, upande upepo unakoelekea, ili moshi uliache gari. Na mvua ikinyesha, ilowe! Ijengee kibati chake huko huko iliko. Usiingize chini ya gari, usiingize barazani, usiifunike na turubai, hata kama mtu mwema anakuambia, "Acha nikusogezee."

Na ninyi wengine mnaosoma: msimwogope sana anayewasema usoni mchana kweupe, na kesho yake anakuja kula kwako. Mwangalieni aliyekuwa anawasema, halafu ghafla akaanza kuwapigia magoti. Muulizeni kilichobadilika. Mimi sikuuliza, niliitika marahaba.

Shaban bado yupo, mzee wa Mkuranga, masikio hayasikii vizuri lakini mdomo mzima. Kila asubuhi ananipigia simu.

"Mpagazi! Hujafa tu?"

"Nitakufaje kabla sijakuzika, mla nazi?"

Anacheka, anakata. Hakuna shikamoo, hakuna habari za asubuhi.

Siku nisipomjibu, wanangu, msisubiri. Njooni mvunje mlango.